Ugonjwa wa Parkinson: Kinachotokea Ndani ya Ubongo, na Hukumu ya Swala na Funga ya Mgonjwa



Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Kila inapokaribia Ramadhani hutufikia maswali ya watoto juu ya wazee wao. Baba mkono unamtetema, anakokota miguu, uso umekauka hata akifurahi, na usiku anasema anaona watu chumbani. Je, asomewe? Je, afunge? Wanazuoni wametufundisha kwamba huwezi kukihukumu kitu kabla hujakifahamu, basi tuanze na ugonjwa wenyewe.

Katika sehemu ya juu ya shina la ubongo mna madoa mawili madogo meusi, moja kila upande. Seli za hapo hutengeneza kemikali iitwayo dopamini na kuipeleka, kwa nyuzi ndefu, kwenye eneo la ndani la ubongo linalopanga mienendo. Dopamini haitoi amri ya kutembea. Amri hutoka kwenye gamba la ubongo. Kazi ya dopamini ni kulegeza kizuizi: katika eneo lile mna njia moja inayoruhusu mwendo na nyingine inayouzuia, nayo huipa nguvu ya kwanza na kuipunguza ya pili. Ikipungua, kizuizi hushinda. Mzee anataka kuinuka, na miguu haina kilema, lakini ni kama jahazi lenye upepo na tanga ambalo nanga yake haijapandishwa. Ndiyo maana humwona mzito, mkakamavu, sauti ndogo, hati ya mkono imesinyaa, na uso hautabasamu. Kutabasamu nako ni mwendo. Msimwambie ana kiburi.

Seli hizo hufa polepole, na ndani ya zinazobaki hurundikana protini iitwayo alfa-sinukleini. Mkono unapoanza kutetema, huenda zaidi ya nusu ya seli za pale zimeshakwenda. Miaka kabla ya hapo baadhi ya wagonjwa huwa hawasikii tena harufu ya udi wala ya mchuzi, hufunga choo, au hupiga mateke na kelele usingizini. Ugonjwa huu hauambukizi.

Tabibu James Parkinson wa London aliueleza mwaka 1817 kwa kutazama watu 6 tu, bila kujua chanzo chake. Mwaka 1957 Arvid Carlsson wa Sweden alichukua sungura waliokuwa wamelegea kwa dawa iliyomaliza akiba ya kemikali kama hizi, akawapa levodopa, wakaamka na kutembea. Mwaka 1960 huko Vienna wakapimwa ubongo wa wagonjwa waliokwisha kufa, na dopamini ikakutwa imepungua mno. Hadi leo levodopa ndiyo dawa kubwa. Dopamini yenyewe haipenyi kutoka kwenye damu kuingia ubongoni, lakini levodopa hupenya, kisha ubongo huigeuza kuwa dopamini. Haiponyi wala haizirudishi seli. Inajaza pengo kwa saa chache, kisha pengo linarudi.

Ndugu yetu Muhammad Ali, bingwa wa ngumi, aligunduliwa na maradhi haya mwaka 1984 akiwa na miaka 42, na akaishi hadi 2016. Dunia ilimwona akiwasha mwenge wa Olimpiki kule Atlanta mwaka 1996, mkono ukitetema. Hakuona haya, na wazee wetu wasionewe haya.

Tuje kwenye swala. Mtetemo huu huzidi mkono ukiwa umetulia, na mara nyingi hupungua ukishika kitu. Kwa hiyo utauona zaidi kwenye tahiyatu, mkono ukiwa juu ya paja. Haubatilishi swala hata ukiwa mwingi, kwa sababu si mwendo wa hiari. Asiyeweza kusimama aswali ameketi, na asiyeweza kuketi aswali kwa ubavu, kama ilivyothibiti katika hadithi ya Imran bin Huswayn. Wengine miguu hugandia mlangoni mwa msikiti kama imepigwa msumari. Usimvute! Mwambie avuke mstari wa zulia au ahesabu hatua. Alama ya nje huusaidia ubongo kupata njia nyingine.

Kuhusu watu anaowaona chumbani: ugonjwa wenyewe huweza kuleta maono, na dawa zake pia. Kumsomea Qur'ani na kumwombea ni jambo jema, wala hatumkatazi mtu. Tunachokataza ni mganga kuambiwa "ana jini", kisha dawa zikatupwa. Hatari nyingine haijulikani na wengi. Jamaa huenda duka la dawa kununua dawa ya kumtuliza, na baadhi ya hizo, kama haloperidoli, huzuia hiyohiyo dopamini kidogo iliyobaki. Mzee huamka hawezi hata kumeza. Maono yapelekwe kwa daktari. Vilevile mtu mwadilifu akianza ghafla kucheza kamari baada ya kuanzishiwa dawa, daktari aambiwe kabla hajalaumiwa, kwani zipo dawa za ugonjwa huu zenye athari hiyo.

Sasa funga. Visiwani kwetu mchana wa funga ni zaidi ya saa 13, na wagonjwa wengi humeza levodopa mara tatu au zaidi kwa siku. Kuiacha ghafla kunaweza kuleta homa kali, mwili kukakamaa, hata mauti. Ambaye daktari amemwambia hawezi kupitisha mchana bila dawa, asifunge. Na kwa kuwa maradhi haya hayatarajiwi kupona, hadaiwi kulipa siku hizo. Hutoa fidia ya kibaba kimoja cha chakula kwa maskini kwa kila siku, kwa madhehebu yetu ya Shafii. Ambaye ugonjwa wake bado ni mwepesi aulize daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi, maana huenda saa za dawa zikapangwa upya. Jioni ameze dawa yake kwa maji kwanza, asubiri kama nusu saa, ndipo ale samaki na maharage, kwani protini hushindana nayo kuingia mwilini.

Wallahu a'lam.