Joto Linalotupwa Laweza Kurudishwa Kazini

Wanachama wenzetu, aliyepata kuanika karafuu siku za mvua ajua thamani ya joto. Wenye viwanda nao waijua, kwani kila mwezi huilipia. Lakini joto jingi walilolinunua hutoka nje pamoja na mvuke na hewa yenye unyevu, likapotea bure. Leo twapenda kueleza habari za mtambo unaolirudisha kazini, uitwao pampu ya joto.

Kazi yake ni kama ya friji, ambayo huvuta joto la ndani na kulitoa kwa nyuma. Katika kiwanda, majimaji maalumu yaliyomo mabombani hupokea joto linalotupwa, yakageuka mvuke. Kisha kompresa inayokwenda kwa umeme huukandamiza mvuke huo, nao huzidi kuwa moto hata ukafaa kukaushia au kuchemshia.

Jambo hili si geni. Katika miaka ya 1850, Bwana Peter von Rittinger alijaribu huko Ebensee, Austria, kuukandamiza mvuke wa maji ya chumvi ili uchemshe tena maji yale yale, zipate kupungua kuni. Mwaka 1877 kiwanda cha chumvi cha Bex, Uswisi, kilipata mtambo wa namna hiyo. Na katika mradi wa Umoja wa Ulaya wa 2016 hadi 2021, pampu zilizoundwa kutoa joto la hadi digri 160 zilijaribiwa Austria: Uttendorf kwa kukausha matofali, na Pischelsdorf kwa kukausha wanga wa ngano.

Je, sisi latuhusu nini? Karafuu zenyewe hutosheka na jua, na jua halitudai kitu. Hatuoni sababu ya kuzinunulia digri 160. Lakini mafuta ya makonyo hutolewa kwa mvuke, na mvuke huo hupozwa kwa maji baridi. Maji yale hutoka na joto lililogharimiwa. Hapo ndipo pa kutazama.

Basi akija mtu kutuuzia mtambo huu, tumwulize mambo mawili. Kwanza, joto litapandishwa kutoka digri ngapi hadi ngapi? Kulipandisha digri 40 kwataka umeme mchache kuliko kulipandisha digri 80. Pili, kila kipimo kimoja cha umeme kitatoa vipimo vingapi vya joto? Kikitoa vitatu, na umeme ukawa ghali mara nne kuliko joto la kuni, tutapata hasara, hata mtambo uwe mzuri namna gani.

Yatupasa kwanza kupima na kuandika: kuni tunazochoma, maji yanayotoka, na umoto wake. Mali bila daftari hupotea bila habari, na joto nalo ni mali.