Seramu si chanjo

Katika tafsiri za mambo ya mifugo nakuta mara nyingi seramu ikiitwa chanjo. Mfugaji akiamini hivyo, anaweza kupoteza mbuzi.

Seramu ya pepopunda hutokana na farasi aliyedungwa sumu ya ugonjwa huo, ikiwa imedhoofishwa, mara kadhaa. Damu yake huachwa igande, yakabaki maji ya manjano. Humo hutiwa salfati ya amonia: kingamwili hutuama, albumini hubaki majini. Kisha chumvi huondolewa kwa utando mwembamba. Usafishaji huo hupunguza protini za farasi zinazoweza kumdhuru mnyama mwingine.

Kingamwili hizo hufanya kazi mara moja, lakini kwa wiki chache tu. Chanjo huchelewa, ila hudumu. Mimi ningeandika «kinga ya kuazima».