Kirotshe: kununua nyumba ao kupanga kwanza?

Kila mtu aliyesimama kando ya barabara ya Sake kwenda Minova anajua picha hii. Pikipiki inashuka, godoro limekunjwa juu yake, sufuria zimefungwa na kamba, mama na mtoto wako nyuma. Ao ni tshukudu iliyobeba mbao na mabati ya zamani. Ni familia inayohama. Wamoja wanatoka Rubaya, wengine Ngungu, wengine mbali zaidi, Walikale. Na mbele hata ya kushusha sufuria, komisioneri amekwisha kufika: «Papa, kuko parsele hapa karibu, haina matata, bei imeanguka. Leta makuta leo, kesho utakuta imeenda.»

Leo tunataka kuzungumuza juu ya jibu la kumupa huyo komisioneri. Maana makuta yaliyo mufukoni mwa yule baba si makuta ya mushahara. Ni makuta ya shimo, yaliyotoka chini ya udongo kilo kwa kilo. Yakipotea, kuyarudisha ni kushuka tena mule mule.

Tuanze na sababu ya familia za wachimbaji kupenda Kirotshe. Kuko hospitali kubwa ya zone ya afya, kuko ziwa, kuko shamba, na barabara ya kwenda Bukavu inapita pale pale. Baba anaweza kupanda mulimani kwa kazi, mama na watoto wakabaki karibu na munganga na masomo. Hiyo ni akili nzuri. Lakini kuchagua mahali pa kukaa ni neno moja, na kununua pale ni neno lingine.

«Kupanga ni kutupa makuta»

Wengi wanasema hivi. Mwezi unaisha, unalipa, na hakuna tofali hata moja lililo lako. Tufanye hesabu kidogo, kwa mufano tu. Tuseme nyumba ya mbao unailipia dolari 20 kwa mwezi. Kwa mwaka ni dolari 240. Tuseme tena kwamba parsele na nyumba ya namna ile ile wanaomba dolari 2 400. Basi makuta ya kununua ni sawa na malipo ya miaka 10. Weka bei za kwenu katika hesabu hiyo, kisha ujiulize: je, tuko na hakika tutakaa hapa miaka yote hiyo?

Muchimbaji anajua kwamba shimo halina ahadi. Linajaa maji, linaanguka, ao bei inashuka kule ngambo na negosia hapokei tena. Wazee wa kazi bado wanakumbuka mwezi wa 9 mwaka 2010, wakati Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji wa mukono katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Ulifunguliwa tena mwezi wa 3 mwaka 2011. Kwa ile miezi 6, vituo kama Mubi na Njingala, vilivyoishi kwa kasiterite ya Bisie, vilipoa. Aliyekuwa amepanga alifunga mizigo akaenda kutafuta maisha pengine. Aliyekuwa ametia makuta yake yote katika nyumba ya pale alibaki na nyumba, bila mutu wa kumuuzishia.

Na vita ni mwalimu mwingine. Rubaya iliingia mikononi mwa M23 tarehe 30 mwezi wa 4 mwaka 2024. Mwezi wa kwanza mwaka 2025 ikafuata Minova, Sake na Goma. Mwezi wa 3 vita vikafika Walikale, na hata kampuni kubwa ya Alphamin pale Bisie ikasimamisha kazi, mupaka mwezi wa 4. Benki za Goma zilifunga milango. Watu waliokuwa na dolari katika konti walikosa hata franga za muchele. Tunasema haya juu ya jambo moja tu: malipo ya kila mwezi hayanunui tofali, kweli, lakini yananunua ruhusa ya kuondoka. Kwa mutu wa mugodi, ruhusa hiyo iko na bei yake.

Ukipanga, panga kwa karatasi

Sheria nambari 15/025 ya tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka 2015 ndiyo inayosimamia nyumba za kupanga inchini mwetu. Inasema garanti ya nyumba ya kuishi haipite malipo ya miezi 3. Anayekuomba miezi 6 kwa nyumba ya kulala anakuomba zaidi ya sheria. Tunajua, mama amesimama inje na mvua iko inakuja, si saa ya kufungua vitabu. Lakini kujua kunasaidia hata katika kubishana bei.

Tena, ukitoa garanti, iandikwe: makuta ngapi, siku gani, mbele ya nani, na itarudishwa namna gani. Kila mwezi uombe karatasi ndogo yenye sinyatire. Na uulize mapema: huyu anayenipangishia ni mwenye nyumba kweli, ao ni jirani aliyeachiwa funguo? Tangu kambi za wakimbizi pembeni ya Goma zilipobomolewa mwezi wa 2 mwaka 2025, watu wengi wamerudi vijijini. Wengine walikuta mutu mwingine analala katika nyumba yao. Usikubali kuwa huyo mutu.

Ukinunua, unanunua nini?

Hapa ndipo wengi wanajikwaa. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 mwezi wa 7 mwaka 1973 iliweka neno moja zito: udongo ni mali ya Serikali. Sisi raia tunapata haki ya kuutumia. Na kwa sheria hiyo, karatasi inayosimamisha haki hiyo mbele ya tribinali ni sertifika ya uandikishaji, ile inayotolewa na konservateri. Akti ya kuuzisha uliyoandika na muuzishaji chini ya muti si sertifika. Jeton ya shefu si sertifika. Ni hatua za kufika kule, na ni ushuhuda mukubwa, lakini safari haijaisha.

Vijijini, kama katika sheferi ya Bahunde ambamo Kirotshe iko, ardhi nyingi inashikwa kwa desturi: kwa mwami, kwa shefu wa lokalite, kwa ukoo. Sheria ya 1973 iliahidi kwamba ordonansi ya Rais itapanga haki za ardhi ya namna hiyo. Miaka makumi ilipita watu wakiingoja. Ndani ya nafasi hiyo, kati ya karatasi na desturi, ndimo matata ya Masisi yanazaliwa: shamba moja, wenyewe watatu, na kila mumoja ana mashahidi.

Leo kuko uzito mwingine juu. Karatasi iliyotolewa na mukono mumoja katika wakati wa vita inaweza kukataliwa na mukono mwingine kesho. Kwa hiyo, parsele ya bei ya kuanguka iulizwe kwanza: kwa nini bei imeanguka? Mara nyingine ni kwa sababu mwenyewe ana mugonjwa na anahitaji makuta. Mara nyingine ni kwa sababu mwenyewe hayuko, na anayeuzisha ni mutoto mumoja wa marehemu bila kuwaambia ndugu zake. Kununua kitu cha mukimbizi nyuma ya mugongo wake si bahati. Ni deni. Siku atakaporudi, wewe ndiye utaambiwa utoke, na makuta yako yatakuwa yamekwisha kuliwa.

Jina la mama

Kuko jambo lingine ambalo wanaume tunapenda kuliruka. Baba anashuka shimoni. Siku moja hapandi. Katika familia ngapi za wachimbaji tumeona baba wadogo wakifika kisha matanga, wakisema: nyumba hii ni ya kaka yetu, na mwanamuke arudi kwao?

Kodi ya familia, iliyorekebishwa mwaka 2016, inataka mume na muke wakubaliane wote wawili wakati parsele inaachiwa mutu mwingine. Basi, ukinunua, muke wa muuzishaji naye aweke sinyatire. Na wewe munuuzi, andikisha jina la muke wako pamoja na lako. Kama ndoa yenu ilipita kwa mahari tu, nendeni etasivili muiandikishe. Ni siku moja ya kupoteza, na inaweza kuokoa watoto. Nyumba ambayo mama anaweza kufukuzwa ndani yake, ile familia haijanunua nyumba bado.

Tazama udongo wenyewe

Tukiacha karatasi, kuko mulima na mvua. Tarehe 4 mwezi wa 5 mwaka 2023, kwenye pwani ya ziwa hili hili letu, upande wa Kalehe, maji na matope yalishuka juu ya Bushushu na Nyamukubi. Zaidi ya watu 400 walikufa. Nyumba nyingi zilikuwa pembeni ya mito, mahali pazuri pa tambarare, karibu na soko. Kirotshe nayo iko kati ya mulima na ziwa. Parsele iliyo karibu na mutoni, ao chini ya kilima kisicho na miti, inauzishwa kwa urahisi wakati wa jua. Itazame wakati wa mvua. Na upande wa Sake, uliza wazee juu ya mazuku, ile hewa mubaya inayolala katika mashimo ya mawe na kuua mbuzi na hata watu. Munuuzi mugeni hawezi kuiona. Jirani anajua.

Njia ya katikati

Basi tufanye nini? Hatusemi musinunue. Familia yenye watoto 6, yenye shamba, yenye mama anayeuzisha samaki pale sokoni, na ambayo imekwisha kujulikana na majirani, ikinunua inafanya vizuri. Mwezi ambao shimo halikutoa kitu, hakuna wa kugonga mulango. Na iko bustani ya lengalenga nyuma ya nyumba. Hiyo nayo ni mali.

Tunachosema ni hiki: usinunue kama mugeni. Panga kwanza, walau upitishe mvua moja na jua moja. Katika wakati huo utajua nani ni shefu kweli, parsele gani iko na kesi, mutoni kunafika wapi. Makuta usiyaweke yote chini ya godoro. AVEC za kina mama zinajua kuyatunza, na pembeni unaweza kununua mabati na mbao kidogo kidogo. Wengine wanapanga uwanja tu na kusimamisha nyumba yao ya mbao juu yake. Siku wakihama, mbao zinabomolewa na kwenda nao. Lakini hata hapo, karatasi iseme wazi: udongo ni wa fulani, mbao na mabati ni vyetu.

Na siku ya kununua ikifika, mbele ya kutoa hata dolari moja, majibu ya maulizo haya yawe yamepatikana:

Muuzishaji alipata hii parsele wapi, na iko karatasi gani? Muke wake na watoto wake wakubwa wanajua? Majirani wa pande zote 4 wamekuja kusimama kwenye mipaka pamoja nasi, muchana, macho kwa macho? Shefu wa lokalite ameandika? Tumeuliza kwa ofisi ya konservateri kama hakuna sertifika ya mutu mwingine juu ya udongo huu? Jina la mama liko ndani ya akti? Makuta yatatolewa mbele ya mashahidi, kwa vipande, na kipande cha mwisho kisha karatasi kukamilika?

Kama jibu moja linakosa, ngojea. Komisioneri atasema mwingine atainunua. Ainunue. Mutu aliyejua kungojea mushipa wa koltani chini ya mawe miezi mingi hawezi kushindwa kungojea karatasi moja.

Na ile familia iliyoshuka leo na sufuria zao, tunaiambia karibu. Tafuteni chumba cha kupanga chenye bati lisilovuja, pelekeni watoto masomoni, salimieni majirani. Mwaka kesho, jioni moja, papa na mama mukae pamoja muhesabu makuta na maulizo. Hapo ndipo mutajua kama Kirotshe ni njia tu, ao ni kwenu.