Masaji ya Nusu Saa Haigharimu Nusu ya Bei

Katika mitaa mingi ya Dar es Salaam, kuanzia Sinza hadi Mikocheni, spa ndogo hufunguliwa kwa mtindo mmoja. Mwenye spa huulizia bei za jirani, hupunguza elfu tano ili avute wateja, kisha huanza kazi. Mwisho wa wiki vitanda hujaa na wateja husifu huduma, lakini siku ya kulipa pango fedha hazitoshi. Mara nyingi kasoro iko kwenye ngazi za bei, ambazo zilipangwa bila kuhesabu muda.

Spa huuza muda wa chumba na nguvu za mikono. Masaji ya dakika 60 hushika chumba kwa dakika 75 hivi, kwani mteja huvua nguo, hulala, huamka polepole, huoga na kuvaa, kisha mashuka na taulo hubadilishwa. Mteja akinunua nusu saa, zile dakika 15 za maandalizi hubaki palepale.

Tuchukue mfano wa spa yenye vitanda viwili na wakandaji wawili. Kwa mwezi inalipa pango shilingi 800,000, umeme wa LUKU na maji 300,000, mpokeaji wageni 400,000, usafi na ulinzi 250,000, na matangazo, leseni na matengenezo 250,000. Jumla ni 2,000,000, nazo hulipwa hata siku ambayo mlango haukubishwa hodi. Kila mkandaji akifanya masaji nne kwa siku, kwa siku 26, wote wawili hufikisha 208. Hata hivyo, Jumatatu asubuhi si Jumamosi jioni, hivyo mwenye busara hukadiria 100. Kila masaji ya saa moja, basi, inabeba 20,000 kabla chupa ya mafuta haijafunguliwa. Ongeza malipo ya mkandaji 12,000, na mafuta pamoja na kufua 5,000, unafika 37,000. Anayetoza 30,000 kwa sababu jirani anatoza 35,000 atafanya masaji zote 100 na bado atakuwa na pengo la 700,000 mwisho wa mwezi.

Tuseme saa moja iwe 45,000. Wengi hapo huandika nusu saa 22,500 na kuona wametenda haki. Tuipige hesabu. Chumba kinashikwa dakika 45, kwa hiyo mzigo wake ni 12,000. Mkandaji anapata 7,000. Mafuta na kufua ni 4,500, maana shuka ni lilelile na maji ni yaleyale. Jumla ni 23,500, na tayari ni hasara. Bei ya haki ni kama 28,000. Saa moja na nusu hushika chumba dakika 105: mzigo wa chumba 28,000, mkandaji 18,000, mafuta na kufua 6,000, jumla 52,000. Ukitoza 65,000, mteja analipa pungufu kuliko saa moja na nusu kwa bei ya saa, ambayo ingekuwa 67,500, nawe unabaki na 13,000 badala ya 8,000 za masaji ya saa moja. Ngazi iliyopangwa vizuri humnufaisha mteja na kumlinda mwenye spa.

Kwa nini ngazi tatu? Mwaka 1992 watafiti Itamar Simonson na Amos Tversky walichapisha jaribio la kamera. Watu walioonyeshwa kamera mbili, moja ya dola 170 hivi na nyingine ya 240 hivi, waligawanyika nusu kwa nusu. Ilipoongezwa ya tatu ya dola 470 hivi, zaidi ya nusu walichagua ya katikati. Mnunuzi asiye na uhakika hukwepa ncha zote mbili. Kwa hiyo huduma unayoimudu vizuri kuliko zote, na yenye faida ya kutosha, iweke katikati.

Lakini tofauti kati ya ngazi lazima mteja aione na aihisi mwilini. Ngazi ya juu ikiwa na singo ya kusugulia mwili, ya asumini, mlangilangi na karafuu, iliyotwangwa siku hiyohiyo, mteja anajua analipia nini. Jina la kifahari juu ya masaji ileile ni udanganyifu, na mteja hugundua. Usafi, shuka jipya na heshima havina ngazi: wa 28,000 na wa 65,000 wavipate sawasawa.

Kuna pia ngazi ya saa. Kitanda kilicholala tupu Jumatano asubuhi hakiwezi kuuzwa tena kesho. Ukitoa punguzo la 10,000 kwa saa hizo, 35,000 zinalipa mkandaji na mafuta, kisha 18,000 zinasaidia pango. Mpunguzie Jumatano mtu ambaye asingekuja kabisa. Ukimpunguzia na wa Jumamosi, umejipunja. Na ukiuza kadi ya masaji tano zinazolipwa mapema, fedha hizo zihesabu kama deni mpaka huduma ya tano itolewe.

Bei zote ziandikwe ukutani kwa shilingi, zikiwa kamili, pamoja na dakika za kukandwa. Kila mwisho wa mwezi hesabu ni ngazi gani imeuzwa mara ngapi. Ikiwa karibu wote wananunua ya chini, huenda tofauti ya zile za juu haionekani.

Punguzo lolote lisichukuliwe kwenye malipo ya mkandaji. Kazi yake humaliza mgongo na vidole gumba, na masaji nne kwa siku zinatosha. Akipunjwa, ataondoka, na wateja waliozoea mikono yake watamfuata aendako. Spa inayomlipa vizuri kwanza, kisha ikapanga bei juu ya malipo hayo, ndiyo itakayobaki na wakandaji wazuri na wateja wa kudumu.