Shali ya Pembe Tatu na Ahadi ya Mnunuzi

Atokaye Mombasa akafika Kakamega hutambua upesi kwamba leso pekee haimtoshi. Mji huo u juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,500, mvua yake ni nyingi na alfajiri yake ina baridi. Shali ya sufu ya rangi nyingi, iliyofumwa kwa mkono, ina kazi huko. Nasi watu wa pwani tuna udugu wa zamani na nchi hiyo, kwani Uislamu ulifika Mumias katika karne ya 19 pamoja na wafanyabiashara waliotoka huku kwetu.

Shali ya pembe tatu huanzia shingoni kwa vitanzi vichache tu. Kila baada ya safu moja mfumaji huongeza vitanzi vinne: kimoja kila ukingo, na kimoja kila upande wa mstari wa kati. Hivyo safu huzidi kurefuka. Atakaye mistari minne ya rangi yenye upana sawa na agawe uzi wake mafungu 16: rangi ya kwanza fungu 1, ya pili 3, ya tatu 5, ya nne 7. Afikapo nusu ya safu, robo tatu ya kazi ingali mbele yake.

Hapo ndipo penye jambo la kuzingatiwa. Mteja huagiza shali, akachagua na rangi, kisha siku ya kuichukua haonekani, au hutaka kulipa nusu ya bei. Mama wa watu, aliyenunua uzi kwa fedha ya nyumba, hulazimika kuifumua ili auokoe uzi wake. Katika Suratun-Nahl, aya ya 92, Mwenyezi Mungu amewafananisha wavunjao viapo na mwanamke aufumuaye uzi wake baada ya kuusokota ukawa imara. Mnunuzi wa namna hii amezidi: yeye ndiye aliyevunja ahadi, na afumuaye ni mwingine asiye na kosa.

Bi Zainab binti Jahsh, mkewe Mtume (s.a.w.), alifanya kazi kwa mikono yake na akatoa sadaka katika chumo lake. Basi tunawanasihi akina mama: patanieni bei, rangi na siku, yaandikeni, kama Suratul-Baqara, aya ya 282, inavyotufunza katika madeni, na mpokee fedha ya uzi kabla ya kuanza. Nanyi wanunuzi, malizeni malipo siku ile ile mnapokabidhiwa. Nanyi waume, chumo la mke ni lake. Akiwapa, ni hisani yake.

Mwenyezi Mungu aibariki mikono ichumayo halali. Amin.