Shelfu la Kuegemeza: Kabla Hujapima Ukuta, Muulize Mwenzio

Wanaume wenzangu, leo naomba niwe mkweli. Kwa miaka miwili ya ndoa yetu vitabu vya mke wangu vililala kwenye boksi chini ya kitanda, huku sebuleni TV na redio yangu vimejinafasi kama mabosi. Hakulalamika hata siku moja, nami nikadhani karidhika. Kumbe!

Siku moja nikaona picha ya shelfu la kuegemeza ukutani. Nguzo mbili zimelala kidogo kama ngazi, mbao tano, ya chini pana, ya juu nyembamba. Nikalipenda palepale. Tulikuwa tumepanga Nyakato, hapa Mwanza, na mwenye nyumba alishatuonya hataki kuta zake zitobolewe. Nikasema jibu ndilo hili! Nikaenda kwa fundi peke yangu, nikalipa, nikalileta nyumbani kama sapraizi.

Mke wangu akatabasamu, akavuta boksi lake. Cha kwanza kutoka kilikuwa Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, riwaya ya mume na mke wanaohangaika kupata mtoto. Aniceti Kitereza wa Ukerewe aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, ikachapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980. Mke wangu ni mtu wa Ukerewe, na nakala ile aliachiwa na babu yake. Tulikuwa tukiilalia miaka yote hiyo, mimi sina habari. Akaiweka juu kabisa, mahali pa heshima, pamoja na vitabu vyake vizito vya chuo.

Wiki ya pili binti yetu, ndio kwanza anajifunza kusimama, akashika ubao wa chini akajivuta. Miguu ya shelfu ikateleza kwenye marumaru. Mama yake alimdaka, shelfu zima likashuka nyuma yao. Hakuna aliyeumia, ila kitabu cha babu kilichanika mgongo.

Nilitegemea kelele. Akasema taratibu, "Baba, hukuniuliza. Na hata lile boksi, hukuwahi kuniuliza lina nini."

Sikuwa na jibu. Jumamosi tukaenda kwa fundi wote wawili, safari hii tukiwa na boksi. Haya ndiyo tuliyojifunza:

Jua uzito. Rimu moja ya karatasi za A4 ina kilo 2.5 hivi, na kitabu ni karatasi tupu. Rimu nne tu, ubao umebeba kilo 10! Vizito vikae chini, juu weka picha na vijitabu.

Chagua mbao kwa mfuko wako. Mninga ni mgumu na mchwa hauuwezi, lakini bei yake imechangamka. Paini ni nyepesi na nafuu, ila ipakwe dawa ya mchwa. Chipubodi ikilowa huvimba, na siku ya kudeki maji hayakosekani.

Angalia miguu. Ikatwe mshazari ili ikanyage sakafu yote, sio kwa ncha. Chini yake gundisha mpira usioteleza.

Lifunge juu. Kuegemeza peke yake hakutoshi, hasa kama kuna mtoto. Si mambo ya kwetu tu. Mwaka 2016 kampuni ya IKEA ilitangaza kuondoa makabati ya droo kama milioni 29 huko Marekani, baada ya watoto kufa kwa kuangukiwa. Vyuma viwili vidogo na skrubu vinatosha kulishika ukutani.

Na mwenye nyumba je? Tulimfuata tukiwa na mtoto mgongoni, tukaahidi kuziba matundu mawili na kupaka rangi siku ya kuhama. Akacheka, akakubali. Miaka miwili nilimwogopa bure!

Sasa shelfu limesimama imara. Vitabu vyake vimechukua mbao tatu, vyangu moja, na ule wa chini ni midoli ya binti. Kitabu cha babu tulikigundisha mgongo, na usiku mke wangu ananisomea kidogo kidogo, akinieleza mambo ya kwao ambayo sikuwahi kumuuliza.

Kwa hiyo msomaji, ukienda kwa fundi nenda na futi kamba, sawa. Lakini kwanza, chini ya kitanda chenu kuna boksi la nani?