Magunia Matatu ya Kufikia Mavuno

Mgawo wa kawaida wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) ni gramu 400 za nafaka kwa mtu kwa siku, pamoja na kunde na mafuta kidogo. Kwa kaya ya watu watano hizo ni kilo 2 za mahindi kila siku, kilo 730 kwa mwaka. Hesabu hii ni ya dona. Anayekula sembe aongeze robo hivi, kwa sababu ya pumba.

Kilo 730 zinatisha, na wengi hukata tamaa hapo hapo. Lakini katika mikoa inayovuna mara moja kwa mwaka, kama Dodoma, Singida na Iringa, pengo si la miezi 12. Mavuno ya Mei hadi Julai huisogeza kaya hadi Novemba. Kazi ngumu ni Desemba hadi Aprili, palizi inapodai nguvu na ghala limebaki vumbi. Siku 150 kwa kilo 2 ni kilo 300, yaani magunia matatu. Ndiyo akiba ninayoizungumzia.

Tuseme mwezi Julai kilo ni shilingi 500. Kaya inauza magunia hayo matatu na kupata shilingi 150,000. Tuipe nidhamu ambayo ni wachache tu wanaoiweza: fedha inakaa kwenye simu, haiguswi kwa ada, msiba wala deni la pembejeo. Mwaka 2017 wachumi Christopher Gilbert, Luc Christiaensen na Jonathan Kaminski walichapisha uchambuzi wa bei za nchi saba za Afrika, Tanzania ikiwemo. Walikuta kwamba bei ya mahindi katika mwezi wa juu huzidi ya mwezi wa chini kwa wastani wa asilimia 33. Basi kilo ya 500 inakuwa kama 667, na shilingi 150,000 zinarudisha kilo 225. Zimepotea kilo 75, chakula cha siku 37, bila mdudu hata mmoja kuingia ghalani. Anayenunua mapema kidogo atapoteza pungufu ya hapo. Aliyeuza kwa lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, alishapoteza zaidi siku ile ile ya kuuza.

Kuhifadhi nako kuna gharama yake, na jina lake ni dumuzi. Mdudu huyu, ambaye wakulima wengine humwita Skania, alitoka Amerika ya Kati na kuonekana Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970. Hutoboa punje mpaka kiganjani unabaki na unga mweupe na maganda. Vipimo vilivyofanywa kwa wakulima wa Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1980 vilikuta upotevu unaofika asilimia 34 ndani ya miezi mitatu hadi sita. Kwa kilo 300 hiyo ni kilo 102, au siku 51. Mkulima anayewahi kuuza Julai si mjinga. Anaijua hesabu hii kwa macho.

Kilichobadilisha mizania ni mfuko usiopitisha hewa: mifuko miwili ya nailoni nzito ndani ya kiroba cha kawaida. Unajaza, unashindilia hewa itoke, unasokota shingo ya kila mfuko, unaikunja na kuifunga kamba peke yake. Wadudu waliomo humaliza hewa yao wenyewe na kufa. Ukiuhesabu mfuko mmoja shilingi 5,000, mitatu ni 15,000, sawa na kilo 30 kwa bei ya Julai. Ukiitunza misimu mitatu, kila msimu unagharimu kilo 10, chakula cha siku tano. Linganisha na siku 37 za soko au 51 za dumuzi. Panya hazuiliwi na nailoni, kwa hiyo mifuko ikae juu ya mbao, mbali na ukuta. Usifungue mfuko kila siku pia: toa debe moja, linatosha siku nane, kisha funga upya.

Sharti lisilo na mjadala ni ukavu. Kiwango cha Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Nyumbani, tia mahindi na chumvi kavu ndani ya chupa kavu ya kioo, tikisa, acha kidogo. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha mahindi juani. Isipoganda, unyevu uko chini ya asilimia 15, ambayo bado haitoshi, hivyo anika tena. Mwaka 2016 sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka yenye unyevu, iliua watu wapatao 20 Dodoma na Manyara. Sumu hiyo haiondoki kwa kupika, na mfuko hauiondoi.

Jaribio lililofanywa na watafiti kwa wakulima 1,023 wa Tanzania na kuchapishwa 2021 lilikuta kwamba mifuko mitano ya aina hii kwa kaya ilipunguza kaya zenye uhaba mkali wa chakula kwa asilimia 38 katika miezi ya njaa. Sijui uwekezaji mwingine wa shilingi elfu chache wenye jibu kama hilo.

Ila akiba hii ni ya kula. Mwaka 2017 serikali ilizuia mahindi kuuzwa nje, bei ikaporomoka, na waliohodhi kwa kungoja faida waliumia. Aliyehifadhi ili ale hakupoteza hata sahani moja.

Na mkulima asiitegemee serikali pekee. Kabla ya upanuzi wa karibuni, maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula yalikuwa na uwezo wa tani 250,000 hivi. Watanzania milioni 61.7 waliohesabiwa 2022, kwa gramu 400 kila mmoja, wangezimaliza kwa siku 10.

Kwa hiyo, ndugu mkulima, msimu huu kabla dalali hajafika na mizani yake, pima kwanza kilo 300, zikaushe, zifunge. Kinachobaki ndicho cha kuuza.